Matairi ya Siku Moja

Kavoi alikuwa seremala wa mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi. Alitoka Kitui na msumeno na nyundo, akatengeneza vitanda na kabati hadi akajinunulia pikapu kuukuu ya kupelekea wateja kazi zao. Majirani waliiazima kuhamisha vyombo na kupeleka wagonjwa, naye hakuwa mtu wa kusema hapana.

Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Siku ya ukaguzi ilipokaribia safari hii, breki zilikuwa nzima, taa pia, na usukani haukuwa na neno. Tatizo lilikuwa matairi, yaliyolika yakabaki vipara. Mulwa, fundi wake wa magari, aliyapapasa akatikisa kichwa.

"Na haya hupiti," alisema. "Lakini niko na zingine za customer. Nikuekee asubuhi, ukishapita unarudisha."

Kavoi alisita, kisha akajiambia kwamba kazi ikichangamka atanunua mapya. Pikapu ikaenda, ikakaguliwa, ikapita. Jioni Mulwa akavirudisha vile vipara.

Haukupita muda, akaja Ramzy kutoka Lindi, Kibera. Ramzy ni Mnubi wa huko, na ndiye aliyekuwa akimshonea Kavoi mito ya makochi.

"Niaje, Kavoi. Naomba gari kesho, tupeleke masufuria ya harusi. Iko sawa? Mathe atakaa mbele na mimi."

"Imetoka inspekshen juzi," Kavoi akajibu. Hakudanganya, na labda ndiyo sababu maneno yalimtoka kirahisi.

Kesho yake mvua ilinyesha. Simu ilipolia Kavoi alikuwa akipiga randa. Pikapu ilikuwa imeteleza kwenye kona ikagonga nguzo. Ramzy hakuumia, lakini mamake, Bakhita, alikuwa amevunjika mkono.

Hospitalini Ramzy alimpokea mlangoni huku ameinamisha kichwa. "Pole, bro, nimekuharibia gari. Nilikuwa naenda polepole. Hata sijui nilikosea wapi."

Bakhita naye, mkono umefungwa plasta, akamwita karibu. "Kavoi mwanangu, usimkasirikie huyu. Gari tutatengeneza."

Kavoi alimtakia mama nafuu. Aliaga, akaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Tangu siku hiyo kazi ilimkataa. Alikata mbao fupi, akapima tena, akakata vibaya tena. Usiku alimsikia yule mama akimwita mwanangu. Kisha akasikia kwamba Ramzy alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la duka moja na akaikataa, akisema mikono yake si ya kuaminika.

Hilo lilimshinda kubeba. Akafunga karakana mchana, akaenda Lindi. Aliwakuta mama na mwana barazani.

"Ramzy, si mikono yako," alisema kabla hajaketi. "Ni matairi. Za ukaguzi zilikuwa za kuazima. Wewe nilikupa vipara."

Ramzy alimtazama. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mathe alikuwa kwa hiyo gari, Kavoi."

Bakhita akadakia, kwa sauti ya chini. "Mkono wangu utapona. Lakini huyu umemwacha siku zote hizi akijiona yeye ndiye mbaya, na wewe ulijua."

Kavoi aliomba msamaha. Mama akakubali. Ramzy aliinuka akaingia ndani.

Pikapu ilipotengenezwa, Kavoi aliitia matairi mapya yaliyo yake, na sasa huyachungulia kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, hata kama ukaguzi bado uko mbali. Ramzy aliirudia ile kazi aliyoikataa, akaendesha gari la duka. Jioni bado humshonea Kavoi mito, na huileta Kawangware kwa mkokoteni.

"Nikurudishe na gari?" Kavoi humwuliza.

"Niko sawa," Ramzy hujibu, akishika njia.