Mume Wangu Ni Shabiki Namba Moja wa Katuni Ninayoichora kwa Siri

Admin, nifiche vizuri maana Musoma ni ndogo. Nina miaka 29, nimeolewa na nina binti wa miaka minane. Kwetu ni Butiama, maisha yangu yako hapa mjini. Mume wangu hafuatilii ukurasa huu, anasema ni wa wanawake wambea. Basi leo umbea unisaidie.

Ana banda la kuwawekea watu movie kwenye flash. Mtaani Mukendo wanamjua kwa ubishi. Ukitaka asahau wateja, mwambie shujaa fulani hawezi kumpiga fulani. Atakueleza kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, huku foleni inamsubiri. Anaongoza kundi la mashabiki mtandaoni, watu wa Bunda, Mwanza mpaka Dar, wanabishana kutwa nzima. Ni mcheshi kwelikweli. Watu huniambia, "Shemeji, wewe nyumbani huboreki!" Mimi nacheka tu.

Nyumbani akikasirika huwa anaanza na vitu viwili. Anafunga komeo, halafu anaongeza sauti ya TV. Anaweka movie ya mashujaa, majengo yanaporomoka na DJ anatafsiri kwa kelele. Ndipo ananipiga. Majirani wanasikia vishindo, wanajua ni movie. Jirani mmoja aliwahi kunikuta naanua nguo akaniambia, "Mama, ile movie ya jana ilikuwa kali, muwe mnatuazimaga flash na sisi." Nilikunja nguo zangu nikaingia ndani.

Nafanya kazi stationery, kuchapa na kutoa kopi. Wateja wakipungua nachora. Mwaka jana nikaanza katuni ya shujaa wa kike, muuza samaki wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Uwezo wake ni mmoja tu: komeo likifungwa kwa ubaya mahali popote mkoa huu wa Mara, analisikia na anafika. Ukurasa mmoja wa komiki za simu ukaipokea, inatoka sura moja kila Ijumaa. Nilijipa jina la kiume ili nisisumbuliwe. Ikapendwa sana, na shabiki namba moja ni mume wangu. Ananisomea kwa sauti nikiwa namenya ndizi. "Sikia huyu jamaa anavyojua!" Nisiwadanganye, siku hizo nilikuwa na furaha. Nilikuwa napendwa, ila yeye hakujua kwamba huyo anayempenda ni mimi.

Sura ya saba niliichora kwa hasira, bega linaniuma. Mwanaume anafunga komeo, anaongeza sauti ya TV, mke amesimama kando ya meza. Safari hii shujaa hakusikia kitu, kelele ya TV ilimzidi. Nikaishia hapo. Nikaomba iwekwe alama ya 18+, sikutaka watoto waione.

Kundi likawaka moto. Mmoja akaandika, "Kwenye movie watu wanakufa kama kumbikumbi na zinaandikwa 13. Huyu kaonyesha mtu na mkewe, eti 18?" Mwingine akatetea, wakatukanana. Mwisho mume wangu akatoa hukumu, nimeisoma kwa macho yangu: "Msanii kachemka. Hapo hakuna cha kumficha mtoto. Hayo ni mambo ya kawaida ya nyumbani."

Ili ashinde ubishi akamwita binti yetu, akampa simu. "Mama, angalia hii picha. Inakutisha?"

Mtoto akaangalia. "Hainitishi." Akaisogeza karibu. "Baba, hii si chupa yetu ya chai?"

Jamani, hilo ndilo kosa langu. Mkono wangu ulichora nilichozoea kukiona: chupa iliyovunjika mshikio, tumeufunga kwa uzi wa nyavu. Mume wangu akacheka, "Chupa za hivyo zimejaa Musoma." Lakini kicheko kilikatika mapema. Alipomaliza kula akaniuliza taratibu, "Huko kazini kwenu kuna mtu anachoraga?" Nikamwambia tunachoraga mihuri tu. Tangu siku hiyo hajanipiga, na hajanisomea tena.

Hata hivyo, kilichonimaliza si ile chupa. Ni mtoto kusema, "Hainitishi."

Nikasingizia msiba, nikaenda kwa mama. Nilimwambia yote. Alilia, akanishika mkono, kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe za mahari yako ndo alizoolea kaka yako. Ukirudi hapa wakwe zako watazidai. Unataka wifi yako naye arudi kwao na watoto wale?" Kaka yangu anachimba dhahabu Buhemba, hajawahi kupata hata ya kununulia ndama. Na huyo wifi ndiye aliyekuja kunilea nilipojifungua, akanifulia mpaka nguo za uzazi. Wakati tunaongea alikuwa nje ananisongea ugali. Nilikula, nikaaga, nikarudi Musoma.

Sasa Ijumaa inakuja na sura ya nane inadaiwa. Nikichora mke anatoka, mume wangu atajua na chupa itakuwa ushahidi. Nikichora anabaki, nitakuwa nimekubaliana na ile hukumu yake. Nikiacha kabisa, nimejizibia kidirisha pekee nilichobaki nacho. Ujumbe nao haukomi. Wanawake wananiandikia, wananiita kaka kwa sababu ya lile jina. Mmoja wa Bunda kaandika: "Kaka, kwangu ni redio, siyo TV. Nasubiri Ijumaa nione huyo mama anatokaje, na mimi nifanye hivyohivyo."

Sijamjibu. Nimefungua ukurasa mtupu mara nne nikaufunga. Nimemchora yule mama, nimechora na mlango. Jinsi ya kuufungua sijui.

Ndugu zangu, msinishauri habari ya katuni. Yule wa Bunda anasubiri jibu, na binti yangu ameshazoea. Nishaurini, ninyi mliowahi kutoka, mlitokaje?