Mabati Mapya Juu ya Mabati Mabovu

Mwanangu, ipo siku moja ya masika ambayo kila nikiiweka kando hurudi yenyewe na kuketi mbele yangu. Ni siku tuliyokihamisha tena kitanda cha baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani. Asubuhi kilikuwa kando ya ukuta. Adhuhuri tukakisogeza katikati ya chumba. Ilipofika alasiri hapakuwa na mahali pakavu isipokuwa mlangoni. Basi tukakiweka mlangoni, mzee akalala nusu chumbani, nusu ukumbini, na kila aliyepita ikambidi aombe radhi na kupita ubavu.

"Nimekuwa mbuzi," akasema. "Hufungwa mlangoni ili wageni wamwone kabla hajachinjwa."

Hatukucheka. Mimi nilikuwa mwali, sijamaliza hata mwaka katika nyumba ile, na mume wangu Hamisi, ambaye ndiye babu yako, alikuwa amesimama na beseni mkononi akitazama juu.

Nyumba ni hii hii ya Gisenyi uijuayo, katika mtaa wetu wa Waswahili, ambako nusu ya ndugu zetu hulala upande huu wa mpaka na nusu hulala Goma. Mlima wa moto ulio nyuma ya Goma hutoa moshi, na mvua ikiuteremsha moshi huo, hula mabati kama mchwa alavyo mbao. Kwingine bati huzeeka pamoja na mwenye nyumba. Kwetu huzeeka kabla yake. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna mtu asiyefika siku ya kujiuliza: nilizibe paa hili, au niliondoe niezeke jipya? Usidhani ni swali la misumari. Nimeona swali hilo likivunja watu.

Hamisi alimwita fundi kutoka Goma, mtu mwembamba aitwaye Kasereka. Akapanda ngazi, akaingiza bisibisi katika boriti moja, ikazama hadi kwenye mpini. Akashuka akijifuta mikono.

"Bon, mukubwa," akasema, "hii paa ni ya kuvua yote. Mabati imekwisha, na miti iko nayo inakwisha. Tunatoa yote, tunaanza mupya."

Hamisi akainamisha kichwa. "Baba yangu yuko hai," akajibu. "Nani huvua nyumba ya mtu aliye hai?"

Hapo, mwanangu, yakupasa ujue jambo ambalo siku hizi halisemwi. Mama yake Hamisi alizaliwa katika vilima vya Nyakiriba, kabla hajasilimu na kuolewa mjini. Huko kwao, katika siku za nyumba za nyasi, kileleni mwa kila nyumba palisimama kijiti. Mwenye nyumba alipokufa, kijiti kiliondolewa, na kila apitaye njiani akajua kwamba humo hamna tena mwenyewe. Nyasi zikaisha, mabati yakaja, kijiti hakikuwapo tena. Lakini hofu haikuondoka pamoja na nyasi. Mama yule alimlea mwanawe akimwambia kwamba kuifunua nyumba juu ya kichwa cha baba aliye hai ni kumwitia mauti. Alikwisha kufa, Mungu amrehemu, na neno lake likabaki darini.

Basi Hamisi akatafuta njia ya tatu, na njia hiyo ndiyo iliyotumaliza. Akamwambia Kasereka asiondoe chochote. Apige mabati mapya juu ya yale ya zamani, misumari mirefu, kisha yaishe. Alipoona fundi anasitasita, akamtolea methali: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Methali ni ya kweli, mwanangu. Lakini mtu aweza kujificha nyuma ya methali kama ajifichavyo nyuma ya mlango.

Mzee Ramadhani alisikia yote kutoka kitandani. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na macho yake yalikuwa yamefifia kwa kutunga nyuzi. Akamwita mwanawe. Nilikuwa nimepiga magoti nikikausha sakafu, nikataka kuondoka, akaniambia nibaki.

"Hamisi," akasema, "nguo ikiletwa kwangu imetoboka, nilifanya nini kwanza?"

"Uliiinua juani, baba."

"Kwa nini?"

Mzee hakumngoja ajibu.

"Ili nione kama uzi wake ungali mzima. Ukiwa mzima, niliweka kiraka, na mtu akaivaa miaka. Ukiwa umeoza, nilimrudishia mwenyewe. Kiraka hakishikwi na kiraka, hushikwa na kitambaa. Nawe fundi amekuonyesha kitambaa kimeoza, kisha wataka kunishonea kiraka kwa sababu waogopa kunivua nguo. Mimi nina baridi, mwanangu. Nivue univike."

"Baba, watu watasema nakuharakisha."

"Waache waseme. Wao wamelala pakavu." Kisha akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Unakiheshimu sana kifo changu, hata uhai wangu huuoni. Vua paa hili. Nimekuamuru."

"Ndiyo, baba," Hamisi akasema, akambusu mkono. Kesho yake misumari ikaanza kupigwa juu ya mabati ya zamani.

Usimchukie babu yako. Hakuwa mkaidi. Mkaidi hubishana, naye hakubishana hata mara moja. Alimpenda baba yake kwa upendo ulioziba masikio. Na mtaa mzima ulimsifu. Wazee walipotoka msikitini walisimama barabarani wakayatazama mabati yale yakimetameta, wakasema, huyu ndiye mwana. Ni jirani yetu mmoja tu, Mama Zubeda, aliyezaliwa Goma na asiyejua kuuma maneno, ndiye aliyeniita uani.

"Weye mwali," akaniambia, "nyumba yenu imevaa kofia juu ya kofia. Iko na baridi, ao iko naenda kuoa?"

Nilicheka siku ile. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani matone yalikuwa yamekoma, na mabeseni tuliyarudisha jikoni. Lakini kati ya bati la juu na bati la chini maji yalipata makao. Hayakutuangukia tena tukayaona. Yalitembea polepole yakiifuata miti, yakaingia vichwani mwa kuta. Harufu ikaanza, harufu ya kisima kilichofungwa. Blanketi la mzee likawa na ubichi usiokaushwa na jua. Akaanza kukohoa. Sitasema kwamba paa ndilo lililomuua. Daktari hakusema hivyo, na mimi sikusoma, shule ilikuwa ya kaka zangu. Nasema nilichokiona: mzee alikohoa chini ya mabati mapya, na mwanawe akaja kila jioni kumuuliza hali, na kila jioni mzee akamjibu neno lile lile, "Vua." Naye kila jioni akajibu, "Ndiyo, baba."

Masika yaliyofuata boriti ya katikati ilikatika. Haikuanguka yote, iliinama na kubaki ikining'inia juu ya kitanda, udongo ukimwagika. Tukambeba mzee katika mvua hadi kwa Mama Zubeda, maana ndiko kulikokuwa karibu, tena kukavu. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Kwa miaka mingi aliwashonea watu wa mtaa ule kanzu za harusi na sanda za maziko, na haja yake moja ya mwisho ilikuwa kufia nyumbani mwake, mahali pakavu. Hakuipata. Alifia katika chumba cha jirani, juu ya mkeka wa jirani, na maji ya kumkosha yalichotwa katika pipa la jirani.

Arobaini ilipokwisha, Hamisi akamwita Kasereka. Sasa aliweza kuvua. Hapakuwa na baba wa kumhofia. Fundi hakuhitaji nguvu. Boriti zilimeguka mkononi mwake kama mkate uliolowa. Akazitupa uani, na Hamisi akaketi karibu na rundo lile, akichukua vipande na kuvivunja kwa vidole, kimoja baada ya kingine, hata mwadhini akaita, asiinuke. Paa jipya lililoezekwa lilikuwa zuri kuliko yote ya mtaani. Hakuna tone lililopita. Nililala chini yake na mume wangu miaka yote aliyobaki nayo, na mvua ilipoanza kupiga juu, yeye alitoka nje akasimama barazani hadi ikatike. Mficha maradhi kifo humuumbua; lakini kifo hakimwumbui maiti, mwanangu, humwumbua aliyebaki.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita uandike. Paa lile zuri nalo limeliwa na mlima. Umeona mwenyewe beseni lililo miguuni pangu. Nilimwita baba yako nikamsimulia haya yote, tangu mwanzo hadi mwisho, naye alilia, maana Mzee Ramadhani ni babu yake. Nikamwamuru alivue. Akasema, "Ndiyo, mama." Jana niliwaona mafundi wake wakishusha mabati uani. Nikawauliza kiko wapi chombo cha kung'olea misumari ya zamani. Wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Bibi, sisi tulielezwa ni kupiga tu juu." Nilipomwuliza baba yako, akanijibu, "Mama, Mungu apishe mbali. Wewe bado upo."

Nilidhani ujinga ule tuliuzika pamoja na mzee, kumbe tuliurithisha. Simtarajii tena baba yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Mimi nimeona kwamba mara nyingi asiyesikia hutembea salama, na guu livunjikalo ni la mkuu.

Kwa hiyo nakuusia wewe. Siku nyumba yako ikivuja, usilitazame bati kwanza; panda uiguse miti. Miti ikiwa mizima, ziba, badilisha bati moja au mawili, wala usione haya mbele ya majirani wenye paa jipya. Miti ikiwa imeoza, usipige msumari hata mmoja: fungua yote, anga lionekane, ulale kwa ndugu siku chache, uanze upya. Usipige jipya juu ya bovu ukaliita heshima. Na mzee aliye chini ya paa hilo akikuambia ana baridi, mwamini yeye kuliko mila, kuliko sifa za barazani, kuliko hofu yako mwenyewe. Fanya angali anaweza kulala pakavu akajua kwamba ni pakavu.

Nakubariki, mwanangu, kwa mkono huu ambao haukuwahi kushika kalamu. Mungu akupe miti isiyooza, na pale atakapokupa iliyooza, akupe moyo wa kuifunua. Akupe nyumba yako mwenyewe ya kufia. Na akupe watoto watakaokusikia, hata kama mtaa mzima utasema hawakukustahi. Amina.