Mwalimu Aliyewasimamisha Wanafunzi Nyuma ya Lori

Wiki iliyopita amefariki mzee aliyewafundisha udereva watu wengi wa Ujiji. Amefia kitandani kwake, kwa uzee, viungo vyake vyote vikiwa vizima. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu msibani nilimsikia mtu mzima na akili zake akisema marehemu alikuwa fundi wa usukani lakini mwoga wa mwendo, na watu wakacheka kwa upole, kama inavyochekwa kasoro ya mtu mwema. Mimi sikucheka. Nilimfahamu marehemu tangu miaka ile ya wakimbizi, na uoga sikuwahi kumwona nao.

Wakati ule watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi hadi Kagunga, wanaletwa kwa meli bandarini Kigoma, kisha malori yanawapeleka makambini. Yeye alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mkalimani, nasimama nyuma pamoja na watu. Siku moja msimamizi wa msafara, aliyekaa naye mbele, alianza kumfokea kwamba malori mengine yametuacha. "Unaendesha gari au unachunga ng'ombe?" Mwenzangu akaegesha pembeni, akazima injini, akashuka na ufunguo mkononi. "Bosi, nitakimbia unavyotaka. Ila kwanza panda nyuma, usimame nao mpaka Mwandiga. Ukifika hujamshika mtu, nakanyaga mafuta." Macho ya watu wote yalikuwa kwake, angefanyaje? Akapanda. Kona ya kwanza tu, kwa mwendo uleule aliouita wa ng'ombe, alimwangukia bibi mmoja aliyekaa juu ya kifurushi chake, akamkumbatia kwa nguvu zote. Bibi akampigapiga mgongoni: "Buhoro, mwana wanje." Polepole, mwanangu. Watu waliokuwa hawajacheka tangu watoke kwao walicheka siku ile. Tulifika kambini jioni, watoto na mizigo yao salama, na mkataba ulipokwisha mwenzangu hakupewa mwingine.

Basi akafungua shule. Kipindi kile leseni ilikuwa ajira, mashirika yakitafuta madereva kila kukicha, na shule za udereva ziliota mjini kama uyoga. Ulijiandikisha, ukazungushwa mtaani mara chache, ukapewa cheti, na kama kurudi nyuma hujui, utajulia mbele ya safari. Yeye aliweka sharti lake: kabla ya kugusa usukani, mwanafunzi asimame nyuma ya lori, wazunguke uwanja wa mpira, na mwenzake aliyemtangulia ndiye aendeshe. Aliyebebwa ndiye aliyempa maksi aliyeendesha. Nilikuwepo alipokuja baba mmoja akiwaka. "Mwanangu nimemleta ajifunze, wewe unambeba kama gunia la dagaa!" Akamjibu kwa adabu: "Shikamoo, mzee wangu. Gunia haliwezi kukuambia limerushwarushwa kwenye kona gani. Mwanao ataweza." Yule baba alimchukua mwanawe akampeleka shule ya jirani, na wengi wakamfuata. Shule ya mwenzangu haikujaa tena, lakini sharti lake halikubadilika.

Tulizoea kulaumu barabara. Vumbi, mashimo, utelezi wa masika. Sasa lami imekuja, tunapita kwa kasi kwenye kibao cha hamsini huku tukipiga honi watoto watupishe, na bado tunasema ajali ni bahati mbaya. Bahati gani hiyo inayomfuata kila siku mtu yuleyule mwenye mguu mzito na simu mkononi? Nimechoka kuandika kwa adabu juu ya jambo hili.

Maziko yalikuwa kwao marehemu, mbele ya Mwandiga. Nilipanda gari la mtoto wa dada yangu, na msafara wa kumzika mwalimu wa mwendo wa polepole ukaondoka Ujiji kama unakimbiza mwizi. Magari yalipitana kwenye kona. Kijana wangu alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili unaandika ujumbe. Nikamwambia aweke simu. "Mjomba, maiti haicheleweshwi. Halafu mimi leseni ninayo." Nikamwambia asimamishe gari. Akadhani natania. Nikarudia kwa sauti ambayo tangu azaliwe hajawahi kuisikia kwangu, akasimama. Nilishuka. Waliobaki ndani walinitazama kama nimepandwa na kichaa, isipokuwa kinyozi mmoja wa Ujiji, aliyefungua mlango wa nyuma akashuka pia.

Tulitembea kwa miguu, kanzu zetu zikiliwa na vumbi la magari. Tulipofika watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi, dua imekwisha. Mpwa wangu alikuja akasema, "Umeona, mjomba? Umemkosa mzee." Inaniuma kweli, sikumtupia hata gao moja la udongo. Lakini nilimjibu pale pale, mbele ya wenye msiba, na ninyi wasomaji nawaambia hivyo hivyo: ukibebwa na mtu asiyeangalia barabara, mkanye, asiposikia, shuka, hata kama unakwenda kuzika. Kurudi Ujiji nilirudi kwa miguu.