Tuta la Mwisho

Mpaka leo nikinusa maganda ya viazi namkumbuka Mama Mboji. Tulimwita hivyo chuoni, ingawa alikuwa mwanafunzi kama sisi. Jioni alipita mabwenini na ndoo kuomba maganda ya kutengenezea mbolea, kucha zimejaa udongo, akiimba kwa sauti mbovu bila kumjali mtu. Bustani yetu ya kujitolea, nyuma ya maktaba, ilikuwa ya kuwalisha walioishiwa, lakini sikuwahi kumwona akimpa mtu mboga hivihivi. Ukifika tu, hujafungua hata mdomo, anakuwahi: "Afadhali umekuja, ndugu yangu! Hebu nishikie hii." Unapalilia kidogo, kisha unaondoka na mfuko wako, unatembea kifua mbele.

Siku yangu ilipofika nilisimama getini na njaa ya tangu jana. Akanisogezea ndoo ya maji. "Nisaidie kumwagilia lile tuta la mwisho, mwenzio nimechoka." Nikaenda. Udongo ulikuwa umelowa chepechepe, majani bado yanadondosha maji. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amenipa mgongo, anaimba kwa nguvu kuliko siku zote. Nikalimwagilia tuta lote, polepole, mpaka mwisho.