Kificho Juu ya Kificho

Ofisini kwa wakili walimwita Mama Marambili, wala hakukasirika. Akifunga kabati, hurudi kulivuta kuona kama limefungwa kweli. Mumewe humtania kwamba hata kufa atakufa mara mbili, kwa kuhakikisha.

Kazi yake ni kupanga kurasa za nyaraka za mahakama. Wewe na mimi tunaona maandishi tu, lakini ndani ya faili mmejaa alama za XML, lugha ya kompyuta ya kupangia maandishi, kila moja ikitoa amri: hizi za waraka mzima, hizi za aya, hizi za maneno machache. Zikigongana, iliyo karibu zaidi na neno ndiyo inayosikilizwa. Mama Marambili aliijua ngazi hiyo kama anavyowajua wakubwa na wadogo wa ukoo wao. Kwa faili lilelile aliweza kutoa nakala ya ofisi yenye kila kitu, na nakala ya upande wa pili ambayo aya za siri zimefichwa.

Asubuhi ile siri ilikuwa ya binti aliyemkimbia mume aliyemvunja mkono. Mahakama ilikubali kwamba mume asijue binti anakoishi sasa, kwa shangazi yake binti. Mama Marambili aliipa aya ya anwani mtindo wa kuficha, yaani alama inayoamuru isichapwe, akachapa, akaisoma karatasi. Safi kabisa. Tarishi alikuwa mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani. Angempa tu, mambo yangeisha. Lakini moyo ulikataa kutulia. Akarudi kwenye kompyuta, akayapa maneno yenyewe ya anwani mtindo wa kuficha pia, kufuli juu ya kufuli, akachapa upya nakala mbili kama kawaida yake. Tarishi alikuwa akihema kwa haraka, basi Mama Marambili akaitia nakala ya kwanza kwenye bahasha bila kuisoma, akampa.

Pikipiki ilipokwisha kuondoka ndipo alipoichukua ya pili kwenye printa. Anwani ilikuwa pale: mtaa, rangi ya geti, jina la shangazi.

Alikimbilia kompyuta. Aliondoa mtindo wa maneno, akachapa, anwani ikatoweka. Akaurudisha, ikatokea. Amri nyingi zikigongana moja hushinda, lakini hii ya kuficha ina ukaidi wake. Mtindo wa aya ukificha, na wa maneno nao ukificha, wa pili huupindua wa kwanza, kama swichi ya taa iliyobonyezwa tena. Tahadhari yake ndiyo iliyoianika siri. Alichapa nakala sahihi, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akampigia tarishi. Simu iliita tu.

Akatoka mbio na nakala ile, roho mkononi, akavuka barabara bila kuangalia hata mara moja.

Katika ofisi ya wakili wa upande wa pili, bahasha ilikuwa juu ya meza ya karani wa mapokezi, bado imefungwa. Kwenye benchi la kando alikaa mume wa yule binti, mtu nadhifu, miguu ameinyoosha, akisubiri nakala yake. Mama Marambili alijikaza, akamwambia karani kwamba kuna ukurasa umechapwa vibaya, anaomba abadilishe. Karani alisita, alishasaini kuipokea, na bosi wake hayupo.

Mume akainua macho. "Kwani humo mna nini, mama?"

"Muhuri umefifia, mwanangu. Mahakama ikiukataa, kesi itasogezwa mbele."

Mume alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua bahasha mezani, akaipimapima uzito kiganjani.

"Kesi hii nimeichoka," mume akasema, na kwa mkono wake mwenyewe akampa Mama Marambili, naye akaiacha nakala sahihi mezani.

Aliporudi alimweleza wakili yote bila kujificha. Wakili alivuta pumzi, akasema yamekwisha, hakuna haja ya kumtia binti wa watu wasiwasi. Mama Marambili hakukubaliana naye. Aliinua simu. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliishika mkononi?"

"Aliishika. Haikuwa imefunguliwa."

"Basi leo silali hapa, mama."

Mama Marambili, aliyetaniwa maisha yake yote kwa kuzidisha tahadhari, hakumwambia kwamba anazidisha. Alimuuliza kama kuna wa kumsaidia kubeba mizigo.