Namegabe na Asilimia Moja

Namegabe Aurélie alikuwa mwendeshaji wa turbini katika kituo kidogo cha umeme wa maji, milimani kaskazini mwa Goma. Alizaliwa upande wa Bukavu, akasomea umeme, akaolewa Katoyi, mtaa wa Goma, akafiwa na mume. Wiki moja alikaa kituoni, wiki moja nyumbani na binti zake wawili. Kwa miaka tisa hakuogopa mashine hata siku moja.

Aliogopa redio. Kwa redio hiyo Habineza, mwelekezaji wa mtandao wa umeme mjini, aliamuru kila kituo kitoe kilowati ngapi na kwa dakika ngapi. Kanuni mpya ilikuwa kali: ukizidi au ukipungukiwa zaidi ya asilimia moja ya amri, hata dakika moja tu, unaandikwa. Ukiandikwa mara tatu kwa mwezi unaitwa kujieleza, kama mtu aliyehujumu umeme. Mwenzake Bashige aliitwa mwezi wa tatu. Alirudi baada ya siku nne, akakusanya nguo zake bila kumtazama mtu usoni, akaondoka.

Namegabe alikuwa ameshaandikwa mara mbili.

Alasiri moja mvua kubwa ilipiga, na redio ikalia.

“Mama Aurélie, pandisha kutoka elfu mbili mpaka elfu mbili mia nane. Dakika tano.”

Alichungulia dirishani. Maji yalikuwa ya matope, majani na mifuko ya plastiki vimeziba wavu wa chuma unaolinda bomba. Kama angefungua maji haraka, hewa ingeingia, na turbini ingetetemeka mpaka ivunjike. Alizungusha taratibu gurudumu la kufungulia maji. Kwenye elfu mbili mia tano akasimama.

“Uko chini, mama.”

“Wavu umezibwa, Papa Habineza. Nikifungua zaidi, mashine inakufa.”

“Minasikia. Lakini karatasi yangu haina mahali pa kuandika wavu.”

“Ni mara ya tatu.”

“Minajua, mama.”

Mkono wa Namegabe ulirudi kwenye gurudumu wenyewe. Akauondoa, akaukalia.

Barua ya kumwita ilifika Alhamisi. Aliwapeleka binti zake mtaa wa Majengo kwa dada yake Miriam.

“Nisiporudi mpaka Jumamosi, siku ya posho, upeleke watoto kwa papa yetu, Bukavu,” alimwambia. “Usiniulizie mahali popote.”

Katika ofisi ya mtandao, mjini, alikuta watu watatu: Habineza, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, Munezero, mama injinia aliyepewa kazi ya kuiandika upya kanuni, na bwana mmoja asiyetajwa jina, mwenye daftari.

“Juu ya nini haukutii?” Munezero aliuliza.

Namegabe alifungua kitabu chake, alimoandika kimo cha maji kila dakika tano. “Groupe ya mazout, ile jenereta ya dizeli, inapanda mara moja. Maji yangu yanatembea mita mia nane ndani ya mufereji kabla ya kufika.”

Munezero alimgeukia Habineza. “Tuwape nafasi ya asilimia kumi?”

“Hapana. Vituo vyote vikipungukiwa kumi, mutandao unaanguka, na kwa hospitali kuko batu wanapumua na oksijeni. Mutu wa kwanza kuitwa ni mimi. Hata mimi niko naogopa.”

Namegabe aliona vidole vya Habineza vimeng’ang’ania ukingo wa meza. Hakuwahi kufikiri kwamba sauti ile ya redioni nayo ilikuwa na hofu.

Yule bwana aliandika hayo pia.

Walimwachilia siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata Munezero alipanda kituoni, akasimama kwenye mvua siku tatu akipima kwa saa mwendo wa maji. Kanuni ilipotoka, vituo vya maji vilipewa asilimia tano na dakika kumi na tano za kupanda. Na mwendeshaji atakayetangaza kizuizi mapema hataandikwa. Mafaili ya zamani hayakufutwa. Wala hakuna aliyesema yule bwana alikuwa nani.

Mvua iliyofuata ilileta majani tena, na amri. Namegabe alibonyeza redio.

“Wavu umezibwa. Nahitaji dakika kumi na mbili.”

“Nimesikia, mama. Safisha kwanza.”

Alitoka na reki, akavuta uchafu mpaka maji yakapita. Alipogeuka, pikipiki mbili zilikuwa zinapanda barabara ya kituo. Alisimama amelowa, ameshika nguzo ya mlango, akidhani zimemfuata yeye, mpaka zilipopita kuelekea kijijini. Ndipo akaingia kufungua maji.