Saa Mbili, Baada ya Mchana

Sauti inayosema "Muda wa dawa umefika" kwenye ile programu ni yangu. Niliirekodi chumbani kwangu Lyamkena, hapa Makambako, nimejifunika blanketi gubigubi ili upepo usisikike, na siku ile nilijiona mtu wa maana sana. Programu yenyewe ni huria: tunaiandika watu wa kujitolea, tunaigawa bure, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Inawakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Kazi yangu ilikuwa kulinda ratiba ya matoleo.

Nilikuwa mlinzi mkali. Wiki ya mwisho kabla ya toleo jipya, hakiguswi kitu. Tuliwahi kupokea rekebisho la dakika za mwisho likanyamazisha kengele za watu wote, na tangu hapo wimbo wangu ulikuwa haraka haraka haina baraka.

Toleo lilikuwa litoke Ijumaa. Jumatano muuguzi wa zahanati moja ya misheni, karibu na Njombe, inayotujaribia matoleo kabla hayajatoka, akatuandikia. Ukurasa mpya wa kuweka saa, alisema, unawapoteza wagonjwa wake. Mtu anayemeza dawa saa mbili usiku anaandika 2, kisha anachagua "baada ya mchana". Simu inahesabu kizungu, inalia saa nane mchana. Mimi nimelelewa na saa za Kiswahili, lakini nikikaa mbele ya kompyuta nahesabu kama kompyuta, na kosa lile sikuliona. Kesho yake mwenzetu mmoja akaleta rekebisho, mistari minne tu. Nikawajibu wote wawili kwamba wamechelewa, litaingia toleo la mwezi ujao.

Muuguzi akaandika tena, mara moja tu: "Na huyo ambaye simu itamlilia mbele za watu, mwezi mzima afanyeje?"

Sikumjibu. Kusema kweli niliudhika; niliona anataka kunifundisha kazi.

Jumatatu mchana nilipeleka suruali kupunguzwa kwa dada mshonaji, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kibarazani tulikuwa yeye, mimi, na wateja wawili waliokuja na vitenge vya sare ya harusi. Simu yake ilikuwa juu ya cherehani. Saa nane kamili nikajisikia nikisema, kwa upole wote niliojifunza chini ya blanketi: "Muda wa dawa umefika. Meza dawa yako."

Huku kwetu, dawa ya kumezwa kwa saa ina maana moja tu midomoni mwa watu: Ukimwi. Mteja mmoja akakunja kitenge chake, hata hakijapimwa, akasema ameacha maharage jikoni. Mwenzake akamfuata.

Dada akanisogezea simu bila kunitazama. Alisema programu ameiweka jana tu. Zahanati walimwambia itamsaidia, maana alikuwa akisahau.

"Kaka, wewe unayajua haya madude. Litoe."

Nikamwambia naweza kubadilisha saa tu, iwe inalia usiku akiwa peke yake.

"Nimesema litoe."

Programu ikauliza kama nina uhakika. Swali hilo nililiandika mimi. Nikabonyeza ndiyo.

Jioni ileile niliipokea mistari minne, nikatoa toleo la dharura bila kumuuliza mtu. Wenzangu wakanisifu kwa wepesi. Rekebisho likafika kwenye kila simu yenye programu ile. Yake haikuwa nayo.

Tangu hapo, saa mbili usiku ikigonga, nasukuma sahani pembeni. Namuwaza nyumbani kwake, na simu iliyonyamaza, na nafsi inanisuta.

Suruali niliifuata Jumamosi. Kibaraza kilikuwa kitupu. Nilitamani kumuuliza kama anakumbuka kumeza, lakini ningeulizaje bila kumtangaza mara ya pili? Akaikunja vizuri, akanikabidhi, akasema, "Karibu tena, kaka." Nikaitikia kwa kichwa tu, nikaondoka. Niliogopa asije akaitambua sauti.